Usukani wa tachi unajua kidole kipo, ila haujui kinataka nini

Kuna ubishi umekuwepo miaka kadhaa sasa kuhusu magari mapya ambayo vitufe vya kwenye usukani havibonyei, yani ni plastiki nyeusi laini inayong'aa, unaigusa tu afu sauti ya redio inapanda, au kruzi kontroli (ule mfumo wa gari kujishikilia mwendo lenyewe) inawaka, au hakuna kinachotokea kabisa. Wapo wanaosema ni maendeleo, wapo wanaosema ni ujinga mtupu. Mimi niko zaidi na hao wa pili ila sio moja kwa moja, maana kumbe kwenye usukani huohuo kuna tachi za aina mbili, moja inafanya kazi yake vizuri sana na madereva wengi hata hawajui kama ipo, nyingine ndo hiyo inayotukanwa kila siku. Na zote mbili zinatumia teknolojia ileile. Sasa tatizo liko wapi?

Tuanze na kitufe cha kizamani kwanza. Hicho ni swichi tu, ukikandamiza sehemu mbili zinazopitisha umeme zinagusana, basi. Magari mengi yalitumia ujanja mmoja mzuri sana hapa: kila kitufe kinapewa rezista, yani kipande kinachozuia umeme kiasi, yenye thamani yake tofauti, afu vyote vinaungwa kwenye waya mmoja, kompyuta inapima volti tu, volti hizi maana yake ongeza sauti, hizi punguza, hizi pokea simu. Ndo maana ukibadilisha redio ya gari fundi anakuambia bonyeza vitufe vya usukani kimoja kimoja ili redio mpya ivikariri, inachokariri ni hizo volti. Waya wenyewe unapita kwenye ule utepe uliojiviringisha nyuma ya usukani, unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona, na humohumo ndo inapita njia ya umeme wa eabegi na wa honi. Kitu rahisi, cha bei ndogo, na kikiharibika unajua kimeharibika.

Kitufe cha tachi hakina kinachogusana ndani. Chini ya plastiki kuna kipande chembamba cha kitu kinachopitisha umeme, tukiite elektrodi, na chipu inakijaza chaji na kuitoa, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Mwili wa mtu una maji na chumvi kwa hiyo kidole nacho kinapitisha umeme, kikisogea karibu kinavuruga ule uga wa umeme uliopo pale na uwezo wa elektrodi kushika chaji unaongezeka kidogo. Kidogo kweli, tunazungumzia pikofaradi, yani faradi moja (kizio cha kupimia huo uwezo wa kushika chaji) igawe kwa trilioni, na mara nyingi kidole kinaleta mabadiliko ambayo ni sehemu tu ya pikofaradi moja. Chipu inalinganisha kipimo cha sasa na kipimo cha wakati hakuna mtu, tofauti ikivuka kiwango kilichowekwa inasema haya, nimeguswa.

Cheki tena hayo maelezo. Hakuna mahali pameandikwa kidole. Chipu haioni kidole, inaona namba imepanda, na namba hiyo inapandishwa na vitu vingi sana. Tone la maji linaipandisha, maana maji yana nguvu kubwa kwenye uga wa umeme, mara 80 hivi ya hewa. Jasho la kiganja vilevile, maana lina chumvi juu. Joto la gari lililoanikwa juani na baridi la asubuhi vyote vinakisogeza kile kipimo cha mwanzo, kwa hiyo programu inabidi ijirekebishe yenyewe muda wote, na ichuje kelele za umeme zinazotoka kwenye vifaa vingine humo ndani ya gari. Glavu inafanya kinyume, inakiweka kidole mbali, namba haipandi vya kutosha na usukani unakupuuza.

Hapo ndo wahandisi wanapobanwa. Wakishusha kiwango ili mwenye glavu naye asikike, tone la maji nalo litasikika, na kiganja kilichopita tu kitasikika. Wakikipandisha, kuna watu watagusa mara tatu bila majibu na kuishia kuangalia chini kuna nini. Hakuna mpangilio mmoja unaowafaa watu wote na hali zote za hewa, kila kampuni inachagua ni kosa gani inalivumilia zaidi.

Ila hata siku tukipata sensa isiyokosea kabisa, isiyojali maji wala glavu, bado tatizo kubwa litabaki palepale, na hili watu wengi wanaliruka wanakimbilia kulalamikia ubora. Kitufe cha kubonyea kina hatua mbili. Kwanza unakigusa, na hapo hakuna kitu kinachotokea, unapapasa tu kingo zake, unasikia kile kidonge kilichochomoza katikati, kidole kinahama cha kwanza cha pili cha tatu, unajua ndo chenyewe. Afu ndo unakandamiza. Kutafuta ni tendo moja na kuamrisha ni tendo lingine. Tachi imeyaunganisha yote mawili kuwa kitu kimoja, ukigusa umeshaamrisha. Ni sawa na kupapasa ukutani gizani kutafuta swichi ya taa kwenye nyumba ambayo kila sehemu ya ukuta unayoigusa inawasha kitu fulani. Matokeo yake mkono unaogopa kutafuta, na mkono ukiogopa kutafuta basi macho ndo yanaenda kutafuta badala yake.

Na macho yakitoka barabarani hesabu yake haina huruma. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo ukiangalia chini sekunde mbili umepita mita zaidi ya 55 bila kuona mbele. Hizo sekunde mbili sijazitoa hewani, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo wake mwaka 2013 ikisema kazi moja ya kifaa cha ndani ya gari isimtake dereva atoe macho zaidi ya sekunde 2 kwa mtazamo mmoja wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Ni mwongozo, sio sheria, watengenezaji hawalazimiki kuufuata.

Kuna jaribio maarufu la jarida la Sweden linaitwa Vi Bilägare, walilifanya 2022. Walichukua magari mapya 11 na Volvo V70 moja ya mwaka 2005, dereva anaendesha kilomita 110 kwa saa anapewa kazi nne za kawaida kama kuwasha joto la kiti na kubadilisha stesheni ya redio. Kwenye ile Volvo mzee yenye vitufe kazi zote nne ziliisha kwa sekunde 10, mita kama 306. Gari lililofanya vibaya kuliko yote lilichukua sekunde karibu 45, hapo umeshapita zaidi ya kilomita 1.3. Niseme wazi kwamba wao walipima zaidi skrini za katikati ya dashibodi na sio vitufe vya usukani peke yake, kwa hiyo usizichukue namba hizo ukazibandika kwenye usukani moja kwa moja. Ila chanzo ni kilekile, kitu ambacho mkono hauwezi kukisoma.

Wahandisi sio wajinga, walishaliona hili wakajaribu kuliziba kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza sensa ya nguvu, yani ukigusa tu hakuna kitu mpaka ukandamize kidogo. Ya pili ni mtetemo, kuna kimota au kifaa kingine kidogo ndani kinachotikisa ile plastiki ukifanikiwa, ili kidole kihisi kama kimebonyeza kitu. Hii ya pili ina sayansi tamu, ndani ya ngozi tuna vihisi vya mtetemo ambavyo ni vyepesi zaidi kwenye mitetemo ya karibu 250 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo mfupi mkali unaokaribia hapo unahisika vizuri hata ukiwa mdogo. Kwenye simu inafanya kazi safi. Sasa lete huo mtetemo kwenye usukani, kitu ambacho chenyewe kinatetemeka muda wote kwa sababu ya barabara na matairi, mkono umeshakishika, na plastiki nzima ni kipande kimoja, kwa hiyo ukikandamiza kona moja kipande chote kinatikisika. Unajua kwamba kuna kitu umekibonyeza. Ni kipi, hapo ndo hujui. Jibu linakuja baada ya tendo, na dereva alikuwa analihitaji kabla.

Afu kuna jambo ambalo simu haina kabisa: usukani unazunguka. Kitufe kilichokuwa kushoto juu sasa hivi kiko chini kulia, na mkono wa dereva anayekata kona unapita juu ya mikono ya usukani, yani zile nguzo zinazounganisha duara na katikati, kiganja kizima kinafagia pale penye vitufe. Hapo ndo yalikotoka malalamiko mengi ya wenye Volkswagen Golf 8 na zile za umeme kina ID.3 na ID.4, mtu anapaki gari, anazungusha usukani, ghafla joto la usukani limewaka au sauti imepanda juu. Hayo ni ya kuchekesha. Yasiyochekesha ni madai kwamba kiganja kinaweza kugusa kitufe cha kruzi kontroli na kuiambia iendelee na mwendo uliowekwa mwanzo, gari likajivuta mbele wakati dereva yuko kwenye nafasi finyu, kuna kesi ilifunguliwa Marekani juu ya ID.4 kwa madai ya aina hiyo. Madai ni madai, mahakama ina kazi yake. Ila ukishaelewa tachi inavyofanya kazi huhitaji kuwa mtaalamu kuona inawezekanaje mtu akahisi hivyo.

Sasa ile tachi nyingine, ile nzuri. Magari yenye mfumo wa kujishikilia katikati ya njia yanatakiwa yahakikishe dereva bado ameshika usukani. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inataka gari likiona mikono haipo lianze kukuonya kwa macho ndani ya sekunde 15, baadae onyo linakuwa kali na la sauti, ukiendelea kupuuza mfumo unajizima. Zamani gari lilijuaje? Kwa kupima msukumo, yani lazima uutikise usukani kidogo. Matokeo yake ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, umeshika vizuri kabisa, umetulia, gari linakupigia kelele shika usukani shika usukani, na wewe umeshika! Wajanja nao wakagundua wanaweza kuning'iniza kitu kizito kwenye usukani gari likadhani ni mkono.

Suluhisho likawa kutandika mkeka wa sensa za tachi chini ya ngozi ya usukani wenyewe, duara lote. Mercedes-Benz walikuja na E-Class iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2020 yenye mkeka wa sehemu mbili, mbele na nyuma ya duara, ukishika tu hata kwa wepesi gari linajua, hulazimiki kuutikisa. Huo ni mfumo safi na sijaona mtu mwenye akili timamu anayetaka turudi kwenye kutikisa.

Kwa hiyo mbona kule inafaa na huku inasumbua? Kwa sababu swali ni tofauti. Duara la usukani linaulizwa: mkono upo au haupo? Eneo ni kubwa, kiganja kizima kinagusa, kuna sekunde kadhaa za kufikiria kabla ya kujibu, na likikosea unapata mlio wa onyo tu. Kitufe kinaulizwa: huyu dereva anataka nini? Eneo ni dogo kama kucha, muda wa kujibu ni sehemu ndogo ya sekunde, na kikikosea gari linafanya jambo ambalo hukuliomba. Kapasitansi, yani ule uwezo wa kushika chaji, ni kipimo cha uwepo. Kusudi la mtu halina pikofaradi.

Haya, kama ni hivo kwa nini kampuni zilikimbilia huko? Sababu ya kwanza watu wanasema ni fasheni, simu zimeshinda basi kila kitu kifanane na simu, na kweli ipo hiyo. Mercedes walianza mapema, E-Class ya 2016 ilikuwa na vitufe viwili vidogo vya kuteleza kidole kwenye usukani, na kwa haki hivyo havikuwa vibaya sana kwa kupitia menyu, maana kutelezesha kidole kwenye orodha ni kazi ambayo tachi inaiweza. Volkswagen wakaja na Golf 8 mwishoni mwa 2019, Ferrari nao wakaweka tachi kwenye usukani wa SF90 Stradale mwaka huohuo. Sababu ya pili ni hela na urahisi kiwandani. Kitufe cha kawaida kina umbo lake, molda yake, alama yake, springi yake, na kila modeli ina mpangilio wake. Kipande cha tachi ni plastiki moja tambarare yenye taa nyuma, unaweza kukitumia kwenye magari mengi ukabadilisha kazi zake kwa programu. Akili ya kiwandani inaona ushindi mtupu, ila gharama haikufutika, imehamishwa tu, inalipwa na dereva kwa umakini wake, na baadae inalipwa tena siku kipande kikifa, maana unabadilisha kipande kizima na sio kitufe kimoja.

Tesla walienda mbali kuliko wote. Model S ya 2021 ilikuja na usukani wa nusu kama wa ndege, wakaondoa fimbo ya indiketa, indiketa zikawa sehemu za kugusa kwenye usukani, na honi nayo ikawa kisehemu kidogo cha kubonyeza pembeni badala ya katikati. Honi! Kitu ambacho mtu anakipiga kwa kiganja kizima akiwa ameshtuka, ukakiweka mahali pa kulenga kwa kidole. Baadae honi ilirudishwa katikati. Model 3 iliyosanifiwa upya mwaka 2023 nayo ikaja bila fimbo, indiketa kwenye vitufe vya usukani, na shida ikaonekana sana kwenye kipilefti: umeingia umekata usukani, unataka kuonyesha unatoka, kitufe kimeshahama na usukani, kiko wapi sasa? Fimbo ya kawaida haihami kwa sababu imefungwa kwenye shina la usukani na sio kwenye usukani wenyewe, mtu aliyeiweka pale alikuwa na sababu. Model Y iliyofanyiwa marekebisho ya 2025 imebaki na fimbo ya indiketa.

Na hili la kuondoa vitu vya kushika sio la magari peke yake. Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafariki. Uchunguzi uliotolewa 2019 ulionyesha wahudumu walichanganyikiwa ni kituo gani kinashika usukani na nguvu za injini, mambo yaliyokuwa yakihamishwa kwa skrini za tachi, na jeshi la majini likasema litarudisha levya za kushika kwa mkono. Sio kwamba tachi peke yake ndo ilileta ajali, mafunzo na uchovu navyo vilitajwa. Lakini levya ungeiona iko wapi, hata mtu aliyesimama nyuma yako angeiona.

Kwa upande wa magari kurudi nyuma kulianza kama 2022, bosi wa Volkswagen Thomas Schäfer alitangaza kwamba vitufe vya kubonyea vinarudi kwenye usukani, na Golf iliyosasishwa iliyoonyeshwa Januari 2024 ikaja navyo kweli. Ferrari nao wamerudisha vitufe kwenye Amalfi ya 2025 pamoja na kile cha kuwashia injini. Mercedes wamerudisha virola na vitufe kwenye usukani wa modeli zao mpya. Nafikiri walichokuja kukijua wao, mteja alikijua siku ya kwanza ya kuendesha, ila gari linachukua miaka kusanifiwa na kosa la siku moja ya mkutano linakaa barabarani miaka kumi.

Euro NCAP, wale wanaogonga magari na kuyapa nyota, nao wameingia. Kuanzia Januari 2026 gari linalotaka alama za juu linatakiwa liwe na vidhibiti vya kushika kwa mambo matano: indiketa, taa za hazadi, waipa, honi na kitufe cha kuita msaada wa dharura. Sio sheria, gari bila hivyo bado linauzwa, ila nyota tano ndo tangazo la biashara na hakuna anayependa kuzikosa. Angalia pia walichokiacha, sauti ya redio na joto la kiti hawajavigusa, wamechukua vile tu unavyovihitaji ukiwa umeshtuka.

Kama tayari unaendesha gari la namna hii, mambo machache yanasaidia kweli. Shika usukani kwa mkao wa saa tisa na saa tatu za kwenye uso wa saa, na ukikata kona sukuma kwa duara la nje, usipitishe kiganja juu ya mikono ya usukani. Mikono ikiwa na losheni au maji ifute kwanza. Plastiki yenyewe isafishe kwa kitambaa kikavu gari likiwa limezimwa, la sivyo utakuwa unabadilisha stesheni huku unapangusa vumbi. Uliza kama kuna apdeti ya programu, maana viwango vya kugusa vinakaa kwenye programu na vinaweza kurekebishwa, na baadhi ya magari yana sehemu ya kuchagua wepesi wa tachi kwenye menyu. Kava la usukani achana nalo, likiwa nene linaweka mkono mbali na ule mkeka wa ndani na gari litaanza kukulalamikia kwamba hujashika.

Na kama ndo unakwenda kununua, usikubali kulijaribu gari likiwa limesimama tu pale, maana likisimama tachi zote ni nzuri. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto ukiwa unapaki uone kama kuna kinachowaka. Jaribu usiku uone kama alama zinaonekana, maana zile Golf 8 za mwanzo sehemu ya kugusa ya sauti na joto chini ya skrini haikuwa hata na taa. Ongeza sauti bila kuangalia. Na kama indiketa ziko kwenye usukani, nenda kaingie kwenye kipilefti kikubwa chenye magari, ujaribu kuonyesha unatoka huku usukani umekata, kabla hujasaini karatasi yoyote.